Koki ya Ghorofa ya Tano

Zile nyumba za ghorofa tano za Bishkek, kule Kirigizistani, zilijengwa na watu wenye haraka, na mwenye haraka haulizi nani atakaa karibu na nani. Ngazi nyembamba, kuta nyembamba, na kila mlango umepigwa chuma juu ya chuma, utadhani ndani mna hazina, kumbe mna mtu na birika lake. Nurettin alikaa juu kabisa. Alikuwa Mturuki wa Denizli, mwenye miaka hamsini na miwili, fundi wa kukata vitambaa. Kiwanda cha nguo kilimleta awafundishe vijana kukata tabaka sitini za kitambaa kwa mkupuo mmoja bila kupindisha. Kiwanda hichohicho kilimtafutia nyumba, kikamwandikishia anwani yake serikalini, kikamwonyesha soko kwa kidole: nyama kule, mkate pale. Baada ya hapo, kila mtu na lwake.

Sasa mtu ambaye makaratasi yake yote yako sawa, maji yanatoka bombani na jokofu lina jibini, nani atamwamini akisema anaumia? Lakini Nurettin aliumia, tena sana. Mwaka mzima alipanda na kushuka zile ngazi, na majirani walimwinamishia kichwa tu, basi. Kikirigizi alikuwa amekishika vizuri, maana ni ndugu wa lugha yake. Alichokosa ni mtu wa kuzungumza naye. Kiwandani mashine zilimeza maneno, na nyumbani hakukuwa na sikio.

Kila jioni mkewe, Nazmiye, alimpigia simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Na nani?"

"Na majirani," Nurettin akajibu siku moja. Ulimi uliteleza tu, Mungu anajua.

"Alhamdulillah!" mkewe akasema, na sauti yake ikalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Maana mimi usingizi siupati nikikufikiria umekaa peke yako huko kama kiatu kimoja. Haya, niambie, watu gani hao?"

Ikabidi awaumbe hao watu. Aliwaumba vizuri, akawapa hata maneno ya kusema, na kila alipokata simu alijichukia.

Novemba ikaingia. Jiji likafungulia maji ya moto kwenye mabomba ya kupashia nyumba joto, mtaa mzima ukapata, isipokuwa nyumba tano zilizopandana upande wa Nurettin, moja kila ghorofa. Jumapili asubuhi mlango wa Nurettin ukagongwa. Alifikiri ni polisi, akachukua pasipoti kabisa ndipo akafungua. Nje alisimama fundi bomba na beseni mkononi. Nyuma yake alikuwepo mama mnene wa ghorofa ya nne, Burul, tarishi mstaafu ambaye watu wote walimwita Burul-eje, kwa maana ya dada mkubwa. Nyuma yake tena walikuwa Sagyn na mkewe Meerim wa ghorofa ya tatu, na mtoto wao mchanga amefungwa blanketi.

"Weka pasipoti yako, baike," Burul-eje akasema, akimwita kaka kana kwamba wamezoeana. "Hatukuja kukufukuza nchini. Hewa imekwama kwako."

"Kwangu?"

"Maji yanapanda mpaka kwako ndipo yawashukie wengine, lakini hewa inatangulia, inajikusanya hapa juu," fundi akaeleza huku akivua viatu. "Isipotolewa kwako, wote wa chini wanaganda."

Fundi akapiga magoti, akaingiza bisibisi kwenye kikoki kidogo ubavuni mwa kile chuma cha ukutani kinachopashwa joto na maji. Hewa ikafyonya na kufoka, yakafuata maji mekundu ya kutu, na chuma kikaanza kupata uhai. Sagyn akashangilia. Fundi akamwonyesha Nurettin koki nyingine, kubwa, kwenye bomba lenyewe. "Hii usiiguse kamwe. Ukiifunga hii, mpaka wa ghorofa ya kwanza wataniapiza mimi."

Sasa Nurettin angewaachaje waende hivihivi? Alichemsha chai, akatoa bakuli za kunywea chai, akawamiminia pomoni.

Burul-eje akaangalia bakuli lake, akaangua kicheko. "He! Unatufukuza?"

"Mimi? Astaghfirullahi!"

"Hapa kwetu ukimjazia mgeni bakuli unamwambia anywe aondoke! Mgeni anatiliwa kidogo, akimaliza anatiliwa tena, kidogo tena. Mwaka mzima unakaa hapa hujaambiwa?"

"Nani wa kuniambia?" Nurettin akasema akicheka, nao wakacheka, na hakuna aliyelishika neno lile.

Walikaa saa mbili. Burul-eje alimchamba kwa mapazia yake, akasema ni sanda. Mtoto alishika kidole cha Nurettin akagoma kukiachia. Jioni ile alimsimulia Nazmiye mambo ya kweli, na aliyasimulia mpaka simu ikapata moto sikioni.

Jumatatu alikutana na Sagyn ngazini. Sagyn akainamisha kichwa, akapita. Burul-eje naye vivyo hivyo, na mfuko wake wa viazi. Hawakuwa na ubaya, jamani, tusiwasingizie. Nyumba zao zilikuwa na joto, walikuwa na mambo yao. Wiki ikaisha, ya pili ikaisha. Jumapili ya tatu Nurettin alikaa mbele ya ile koki kubwa, akaitazama, akaondoka, akarudi. Kisha akaifunga.

Ilichukua saa tatu nyumba za chini kupoa. Aliposikia nyayo za majirani ngazini, aliifungua upesi, akashika bisibisi, akajifanya anahangaika na kile kikoki kidogo. Chai ilikuwa tayari, na safari hii aliwamiminia kidogokidogo. "Huyu sasa ni wa kwetu!" Burul-eje akasema, na Nurettin ikabidi ageukie dirishani apanguse macho. Jumapili iliyofuata akaifunga tena, nao wakaja tena. Moyoni alijua anafanya upuuzi. Alijiambia saa tatu za baridi hazijamuua mtu.

Jumapili ya mwisho ilikuwa mbaya. Nje ilikuwa digrii ishirini na mbili chini ya sifuri, moshi wa makaa umelala juu ya mtaa. Nurettin alirudi sokoni na sambusa za maboga za moto, lozi na zabibu kavu. Akapanga bakuli tano. Saa sita mchana akaifunga koki.

Saa tisa, hakuna mtu. Saa kumi alivaa koti ndani ya nyumba. Mvuke ulimtoka mdomoni na sambusa zilikuwa zimepoa. Wamekwenda wapi? Wamenigundua? Akainamisha sikio kwenye bomba. Alichosikia kilimkata maini: watu wanacheka. Wengi, chini yake hasa, kwa Burul-eje.

Akashuka na kandambili zake, akagonga.

"Aa, baike!" Burul-eje akafungua mlango wote. "Ingia, ingia, utaganda."

Jikoni kulikuwa na majirani wote wa mabomba yale. Moto wa gesi uliwaka kwenye majiko manne, watu wamebanana, mwalimu wa ghorofa ya kwanza anagawa karata. Meerim alikuwa amempakata mtoto ndani ya koti la Sagyn, anamsugua miguu.

"Leo tulisema tusikupandie," Burul-eje akasema. "Mtu ana siku moja tu ya kupumzika, sisi kila Jumapili tunamvamia na kumnywea chai. Aibu imetushika. Nimeshaongea na fundi. Kesho anahamishia vile vidude vyote ngazini, nje ya mlango wako. Usumbufu basi."

"Si usumbufu," Nurettin akasema.

"Wewe ni muungwana tu."

"Burul-eje, nakwambia si usumbufu."

"Haya, haya, kaa tukupe chai."

Angeweza kukaa. Kiti kilikuwepo, na bakuli Burul-eje alikuwa ameshalishika. Angekunywa, angecheka na wenzake, angepanda baadaye na kuifungua koki kimyakimya, na kesho fundi angeuzika ule uongo milele. Lakini mtoto alikohoa, kikohozi kidogo kikavu, na Meerim akapuliza pumzi kwenye vidole vya miguu vya mtoto, vyekundu kama pilipili.

"Ni mimi," Nurettin akasema. "Koki kubwa. Nimeifunga mimi. Leo, na Jumapili iliyopita, na ile ya kabla yake."

Mwalimu akaziweka karata mezani.

"Kwa nini?" Burul-eje akauliza.

"Nilitaka mje."

Sagyn akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Miguu ya mwanangu ni barafu! Wewe unaalika watu kwa kuwagandisha? Una akili wewe?"

"Kaa chini, Sagyn."

"Sikai! Eje, umemsikia?"

"Nimemsikia. Kaa." Burul-eje hakuondoa macho kwa Nurettin. "Ngazi kumi na sita, baike. Nimezihesabu miaka mingi kuliko wewe. Ungeshuka ukagonga. Kwani mimi nafuga mbwa?"

"Kwetu," Nurettin akasema, "aliyehamia mtaani haanzi kugonga. Wenyeji ndio humgongea yeye."

Burul-eje akaangalia chini, penye kandambili za Nurettin.

"Hata kwetu," akasema.

Akarudisha bakuli mezani, akamshika bega, akamgeuza taratibu kuelekea mlangoni. "Panda ukafungue. Mtoto anaumwa na baridi."

Akapanda. Akaifungua koki mpaka mwisho, akatoa hewa yote, akaketi sakafuni mkono ukiwa juu ya chuma. Joto likaja vizuri, kama siku ya kwanza. Lilishuka ghorofa ya nne, ya tatu, ya pili, na kadiri lilivyoshuka, yeye alisikia viti vikiburutwa kule chini, majiko yakizimwa, watu wakiagana. Mlango wa tatu ukafungwa. Wa pili. Wa kwanza. Kila mtu alikuwa na joto kwake sasa, wa nini tena kubanana? Nurettin alivua koti, akavua na sweta, akaweka sambusa moja juu ya chuma ipate moto. Alingoja nyayo mpaka kukaingia giza. Hazikuja.

Fundi alifika Jumatatu saa moja na nusu, kabla Nurettin hajaondoka kwenda kiwandani. Alifanya kazi kwa nusu saa. Alikata, akachomelea, akatoa bomba nje ukutani, na koki zote mbili akazifungia ngazini kwenye kisanduku cha bati. Ufunguo ulikuwa wa Burul-eje, ambaye hakupanda. Fundi alikuwa mtu mchangamfu, hajasimuliwa lolote.

"Umepona, baike," akasema akikusanya vyombo vyake. "Sasa hata wakiganda wote mpaka chini, hakuna atakayekugongea."

Nurettin akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni.