Magunia ya Kaswera

Kaswera aliitambua alama yake kwenye simu kabla hajasoma maneno. Ilikuwa duara jekundu lenye mstari katikati, alilolipaka kwenye magunia ili wapakuzi wasichanganye mali za watu, kama wafanyavyo wafanyabiashara wenzake wote waliotoka Butembo. Picha ilipigwa deponi kwake, mtaa wa Kabondo, Kisangani. Juu yake mgombea ubunge mmoja aliandika: "Hivi ndivyo risasi za waasi zinavyoingia Kisangani. Nichagueni, nitawakomesha." Pembeni: tangazo la kulipia.

Na asubuhi hiyohiyo Osée, mdogo wake, alikuwa anaingia na lori kutoka Butembo kwa barabara ya Bafwasende, na magunia sitini ya maharagi yenye duara lilelile. Simu yake haikupatikana.

Kaswera akamkimbilia Feruzi, kijana wa kuweka matangazo mtandaoni. Mwezi uliopita ndiye aliyepiga picha ile, amtangazie maharagi.

— Feruzi! Magunia yangu inatafuta nini kwa siasa ya watu?

— Mama, tulia kwanza. Mheshimiwa aliomba picha ya magunia, mi nilikuwa na yako tu. Sikujua Osée iko njiani.

— Kama iko mutoto wa mutu mwingine, ungeweka?

Feruzi akamwonyesha tangazo kwenye simu.

— Lakini wenye mtandao waliikubali, Mama. Kama iko mubaya, wangekataa.

— Wanamujua Osée, wale? Itoe!

Akaitoa. Watu elfu thelathini walikwisha kuiona, nao walikuwa wanairushiana kwenye simu.

— Sasa andika: haya ni maharagi. Mi nalipa.

Feruzi akaandika, akatuma. Jibu likaja: tangazo linahusu siasa, linachunguzwa, subirini hadi kesho.

— Ya mheshimiwa ilichukua muda gani?

— Dakika kumi, Mama.

Kaswera hakusikiliza zaidi. Alirukia pikipiki, akashika barabara ya Bafwasende.

Kwenye kilomita ya kumi na saba vijana wenye mapanga walikuwa wamelizuia lori. Osée alikuwa amepiga magoti matopeni, damu ikimtoka sikioni. Mwenye simu alikuwa akilinganisha picha na gunia.

— Duara ndiyo hii!

— Mi ndiye mwenye mali, — Kaswera akasema. — Muache mutoto. Nipeni kisu, nifungue mwenyewe.

Akapasua la kwanza. Maharagi. La pili. Maharagi.

— Ya chini, Mama. Nyinyi watu wa Butembo munajua kuficha.

Akapasua la kumi, la thelathini, maharagi yakimfika kwenye vifundo vya miguu, mvua ikiyanyeshea. Mkono ulipokufa ganzi akashika kisu kwa mikono miwili. Hakuacha hata moja.

Mwenye simu akachungulia gunia la mwisho, tupu.

— Bon, sawa. Risasi walishusha huko nyuma. Mupande, muende. Lakini Kisangani hamuingii.

Osée akainuka kwa kushikilia gurudumu.

— Tunaenda wapi, yaya? — akamuuliza dada yake.

Nyuma yao, kule Butembo, kulikuwa na vita. Mbele, ng'ambo ya yale mapanga, watoto wa Kaswera walikuwa wanatoka shuleni.

— Sijui, — akasema.