Aliyemnywesha Uji

Tiketi ya Caren ya Desemba ilikuwa imeshakatwa, siku arobaini na tano za likizo, na hakuwa na uso wa kurudi nao Kakamega. Miaka minane ya kulinda mlango wa nyuma wa hoteli moja ya Al Barsha, Dubai, kila mwaka akisema mwaka huu naenda, na sasa mwaka wenyewe umefika anaogopa. Na kwao alikuwa anakutamani, jamani! Alitamani mrenda, ile mboga ya kuteleza. Alitamani ile mvua ya jioni inayopiga mabati mpaka watu waache kuongea. Hapa Dubai mvua ikinyesha siku moja, watu wanatoa simu kuipiga picha, yeye machozi yanamlengalenga.

Kisa ni hiki. Miaka kumi na miwili iliyopita, akiwa mwalimu wa chekechea katika kijiji kimoja cha huko huko alikokuwa mgeni, jambazi alimvamia chumbani akampasua kichwa. Caren naye si mtu wa kuonewa bure. Alimng'ata mkono mpaka damu ya mtu huyo ikalowesha sweta aliyovaa yeye Caren. Wiki mbili baadaye polisi walipanga wanaume wanane kwenye gwaride la utambulisho, wakamwambia amguse mhalifu. Hakusita hata kidogo. Akamgusa bega kijana mmoja aitwaye Linus, na kortini akashika Biblia akasema uso ule hatausahau mpaka kaburini. Linus akafungwa maisha.

Kumbe sweta ilikuwa bado stoo ya polisi. Mwaka huu wakili mmoja aliifukua, ikafanyiwa vipimo vya DNA, na damu ikaonekana si ya Linus. Ilikuwa ya mwizi mmoja aliyekufa zamani. Linus akafunguliwa, Caren akapata habari kwa simu akiwa kwenye basi la kampuni, akalia mbele ya watu wote bila haya.

Alimtumia Linus ujumbe wa sauti kuomba msamaha. Jibu lilichukua siku tisa, na lilikuja kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Dada Caren, msamaha tutauongea. Kwanza niambie, kwa nini mimi? Tulikuwa wanane. Nimejiuliza kila asubuhi, nimemuuliza na Mungu, amenyamaza. Ukija Desemba, uje na jibu. Kama huna, tafadhali usipite kwetu."

Jibu angelitoa wapi? Aliusikiliza ujumbe ule mpaka akaujua kwa moyo, akajikagua kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro, asipate kitu. Uso wa Linus aliujua, basi. Aliujuaje, hata yeye hakuelewa.

Sasa Alhamisi, saa ya mkono ya mgeni ikapotea hotelini. Kamera ya mlango wa nyuma ilikuwa mbovu, lakini Caren alikuwa amemwona mtu wa dobi akitoka na mfuko. Shafiq, msimamizi wake, akawapanga wafanyakazi watano wa dobi ukutani, ovaroli za aina moja, kofia za aina moja.

"Yalla, Caren, haraka. Mgeni anangoja. Ni nani?"

Macho yakapita wa kwanza, wa pili, yakafika kwa wa tatu yakatua. Huyu! Moyo ulisema huyu, bila wasiwasi wowote, na mkono ukaanza kunyanyuka wenyewe. Kijana aliyeandikwa Matia kifuani, Mganda, hana hata wiki mbili kazini. Caren hakuwahi kulijua jina lake. Uso wake ameuona wapi?

Ndipo akakumbuka. Juzi alikuwa amejificha penye mapipa akilia, na kijana huyu akapita, akarudi na chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi, akamwambia, "Kunywa, dada."

Mungu wangu. Kunywa, dada.

Miaka kumi na miwili nyuma, baada ya kuvamiwa, Caren alikuwa amelala na kitambaa kichwani, jicho moja limevimba, chumba kimejaa watu wa maombi asiowajua, na kijana mmoja amepiga magoti na kikombe cha uji. Kunywa, dada. Akaushusha mkono.

"Caren!" Shafiq alipaza sauti.

"Sir, niliona ovaroli. Mtu sikumwona."

"Asubuhi ulisema umemwona!"

"Niliona mgongo, sir."

"Nitaandika ripoti juu yako."

"Andika, sir."

"Khalas, basi," akasema Shafiq kwa hasira, akawatawanya.

Wakati wa mapumziko Caren alipiga simu. Huko nyuma ya sauti ya Linus mvua ilikuwa inapiga mabati, ile ile.

"Nimepata jibu," akasema. "Ni dogo. Litakuuma."

"Sema."

"Nilipovamiwa, ulikuja na watu wa maombi. Ulininywesha uji. Kwenye gwaride, kati ya wote wanane, ni wewe tu niliyekuwa nimekuona kabla ya siku hiyo. Nikadhani nakujua kwa ubaya, kumbe nilikujua kwa wema. Nilikosea, Linus. Nilikukosea wewe uliyenihurumia."



"Uji," akasema Linus. Akarudia, "Uji!" Kisha akaeleza, "Mama alinikataza kuja siku ile. Nikamwambia, mama, yule mwalimu hana mtu hapa. Nikautoa uji jikoni kwake mwenyewe."

"Niongee naye. Tafadhali, nimwombe msamaha."

"Alikufa nikiwa ndani, dada. Swali hili lilikuwa lake kabla halijawa langu." Akaendelea, "Njoo Desemba umjibu mwenyewe. Kaburi liko nyuma ya jiko, karibu na migomba."

Caren alisema atakuja. Hakukata simu mpaka Shafiq alipomwita.