Swichi Isiyokuwepo

Shangazi yangu hufasiri hati za mahakama, na maandishi huyafuata neno kwa neno. Laptopu yake ilipomwandikia kwamba Wi-Fi imezimwa kwa swichi, aliigeuza pande zote, miwani puani, kisha akanipigia simu.

"Iko wapi hiyo swichi, fundi wangu?"

Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, nilimwekea mwenyewe wiki iliyotangulia, kwa hiyo lawama sikuwa na pa kuipeleka. Asubuhi nikaenda kwake, nikaandika amri moja. Jibu likaja: kufuli ya programu: hapana; kufuli ya swichi: ndiyo. Ya kwanza ningeifungua kwenye kibodi. Ya pili haifunguki mpaka mtu asukume swichi yenyewe kwa mkono.

Tukatafuta. Ubavuni, chini ya betri, nyuma ya bawaba. Tukabonyeza kila kitufe chenye alama ya antena, na hata visivyo nayo. Wapi!

"Basi umeiharibu," alisema. Hakufoka, na ndiyo maana iliniuma.

Nikafungua msimbo wa kernel, ile sehemu ya Linux inayozungumza na vifaa. Moduli moja, kipande cha kernel hiyo, ilikuwa inaiuliza mashine: swichi yako imewashwa? Mashine, ambayo haikuundwa ikiwa na swichi yoyote, ilijibu sifuri. Kernel ikaelewa "imezimwa". Nikaiondoa moduli hiyo. Wi-Fi ikashika papo hapo.

"Yaani asubuhi nzima tunatafuta kitu ambacho hakipo?"

"Ndiyo, shangazi."

Alicheka mpaka akavua miwani.

Hiyo ilikuwa dawa ya muda tu, maana moduli ileile ndiyo iliyoendesha vitufe vya mwangaza. Ndani yake mlikuwa na orodha ya modeli zisizo na swichi, zisizopaswa kuulizwa. Nikaongeza ya shangazi, mstari mmoja, nikawatumia wasimamizi wa kernel kwa barua pepe. Siku ya tatu mmoja wao akanirudishia: nimekosea mpangilio, tena sikumtaja aliyeripoti tatizo. Nikarekebisha, nikaandika jina la shangazi kwa ukamilifu. Wakaupokea mstari wangu.

Nilipomwonyesha, alimpigia mama yangu simu.

"Wifi, ile habari ya Wi-Fi, mwanao nilimlaumu bure. Sasa kaniandika humo ndani ya Linux, jina langu lote."

Mama akauliza kama hiyo Linux ni gazeti.