Jina la Baba Kwenye Ramani

Msinicheke. Baba yangu ni nahodha, na nyuma ya kiwanda cha barafu kuna hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, lenye jina lake kamili. Meli yake ilipozama, redio ilisema hakupona mtu. Ofisi ya ramani ikamwonea huruma, ikaliita hori kwa jina lake. Wiki ya tatu Baba akatokea mlangoni, amekonda kama ufagio. Waliokuja kutufariji wakabaki kunywa chai.

Kibao cha jina lake pale horini hakikung'olewa. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa akipeleka wageni kupiga picha.

Kisha Baba akaanza kuugua. Maji ya hori yakipwa, anaishiwa pumzi mpaka midomo inakuwa ya kijivu. Yakijaa, anainuka na kudai chai. Asubuhi moja, tumejaa sebuleni, akashika kifua.

"Kuna mtu katia nanga."

"Wapi, kaka?" shangazi akauliza.

"Hapa."

Nikakimbia horini. Mashua ya buluu ndiyo kwanza imetulia. Nikambembeleza mwenye mashua aing'oe nanga. Niliporudi, Baba alikuwa anapumua, na kifuani ana michubuko miwili yenye matope.

Haikupita wiki, tangazo likabandikwa: Jumatatu mashine inaanza kulichimba hori, lipitishe meli kubwa.

Ijumaa nikampeleka Baba ofisi ya ramani. Miguu ilimwishia nguvu, nikamwacha kwenye benchi la nje.

"Toeni jina la baba yangu," nikamwambia karani.

Akafungua daftari. "Dada, hatuweki majina ya watu walio hai."

"Si ndiyo nakwambia! Huyo hapo dirishani!"

Karani akachungulia, akampungia mkono. "Shikamoo, mzee!" Akanigeukia. "Ila humu amekufa. Na hori haliwezi kukaa bila jina. Nipe la marehemu mwingine, nabadilisha sasa hivi."

Maji yalikuwa yanapwa. Dirishani kichwa cha Baba kilikuwa kimeanguka begani. Na mdomo wangu huu, mnaujua, haujui kungoja. Nikamtaja Mama, aliyefariki nikiwa darasa la pili. Karani akaandika, akagonga mhuri.

Nilipotoka, Baba amesimama. Njia nzima alipiga mluzi.

Jumatatu nyumba ilifurika watu. Saa nne mashine ikanguruma kule horini. Sote tukamkodolea macho Baba: anakunywa chai, mzima kabisa. Shangazi akapiga kigelegele.

Hakukimaliza. Kwenye chumba cha mwisho, kilichobaki na cherehani ya Mama tu, mtu aliguna kama anayenyanyuliwa kwa nguvu. Mashine ikanguruma tena. Safari hii akapiga yowe, na maji yakaanza kupenya chini ya mlango.

Baba akaweka kikombe chini. Sauti ile aliijua kabla yetu sote.

"Mwanangu," akaniuliza polepole, "kule ofisini ulimtaja nani?"