Leseni ya Kaka

Watu walimwita Bisibisi, kwa sababu hakuonekana bila chombo hicho mfukoni. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza redio na runinga kwenye kibanda kando ya barabara, na katika miaka hiyo aliona vitu vinavyokufa vikizidi vile vinavyopona. Akimwambia mteja kwamba chake hakitengenezeki tena, mteja anakiacha palepale na kwenda zake. Nyuma ya kibanda pakawa makaburi ya vioo na nyaya.

Vingine viliishia jalalani, ambako watu walichoma nyaya ili wapate shaba. Bisibisi alikwenda kuona kwa macho yake. Alikaa nusu saa tu, akarudi kichwa kikimgonga na koo likiwasha. Hapo ndipo alipopiga moyo konde kuanzisha kampuni. Wangevifungua vitu hivyo kwa mikono, shaba ikae kando, plastiki kando, betri zifukiwe kwenye pipa la mchanga, na vyenye sumu vipelekwe kwenye kiwanda kinachojua kuvishughulikia. Moto usiwashwe kabisa.

Uwanja ulikuwepo, nyuma ya nyumba ya mama yao. Kilichokosekana ni leseni, na hapo akajitokeza kaka yake mkubwa, karani mstaafu mwenye tai na ulimi wa asali.

"Wewe shika kazi, mimi nishike makaratasi," kaka alimwambia. "Ofisi zile nazijua, mdogo wangu. Ukienda wewe utasimama foleni mpaka uote mizizi."

Bisibisi alicheka. Karatasi zilipokuja, alitia saini kila alipoonyeshwa kwa kidole, mikono ikiwa bado na vumbi la kompyuta.

Kazi ikaanza na wanawake wanne chini ya paa la mabati. Aliwafundisha kuchuna nyaya kwa kisu, kushika kioo cha runinga bila kukipasua, kutambua betri iliyovimba. Anayevua glavu alipigiwa kelele mpaka majirani wakachungulia. Waliondoka jioni migongo inawauma, lakini vifua vyao vilikuwa salama. Miezi minane ikapita hivyo, na ofisi kubwa kubwa zikaanza kuwaletea kompyuta zao chakavu kwa malori.

Kisha kile kiwanda kikamwalika akajifunze kushughulikia vioo vyenye sumu. Alimuaga kaka yake kwa mdomo, akaenda wiki tatu.

Siku aliyorudi, harufu ilimpokea kabla hajafika langoni. Uwanjani, pipa lililokatwa nusu lilikuwa likitoa moshi mweusi, na watu wawili wa jalalani walikuwa wakichochea nyaya kwa nondo. Wale wanawake wanne walikuwa wamejifunga khanga puani.

"Kaka, nini hiki?"

"Biashara," alijibu bila kuinuka kitini. "Kisu chako kinamaliza siku nzima kwa kazi ambayo moto unaifanya kwa robo saa."

"Kampuni hii nimeianzisha mimi!"

Kaka akaelekeza kidevu ukutani. Leseni ilikuwa imewekwa kwenye fremu, na mmiliki aliyeandikwa alikuwa kaka peke yake. Bisibisi aliisoma mara mbili. Aliona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa akiiba.

Kesho yake alikwenda mwenyewe ofisi ya mazingira. Mkaguzi alikuja bila kukawia, akaliona pipa, akapiga picha, kisha akafungua jalada.

"Msimamizi wa usalama ni nani hapa?"

Kaka alikohoa kidogo. "Ni mdogo wangu huyu."

Mkaguzi akamgeuzia Bisibisi karatasi. "Saini hii ni yako?"

Ilikuwa yake, na alama ya kidole chenye vumbi ilionekana pembeni.

"Ni yangu. Lakini sikuwepo, nilikwenda mafunzoni!"

"Aliaga kwa maandishi?" mkaguzi alimuuliza kaka.

"Sijapokea barua," kaka akasema kwa upole kabisa, akitazama viatu vyake.

Kampuni ilipewa onyo na kuambiwa itafute msimamizi mwingine. Bisibisi akazuiwa kufanya kazi hiyo kwa miaka mitano.

Alipoingia ndani kumweleza mama, alikuta habari imemtangulia.

"Umempeleka kaka yako serikalini?"

"Mama, mimi ndiye niliyeadhibiwa."

"Nyumba hii ameiezeka yeye," mama alisema, akageukia ukuta.

Akarudi kibandani kwake. Miezi miwili baadaye, mmoja wa wale wanawake alikuja na mkono uliofungwa bendeji. Moto ulikuwa umeondolewa, alisema, ila walikuwa wakiharakishwa, na betri ya simu ya aina mpya ilikuwa imemlipukia.

"Msimamizi hakuwaonyesha?"

"Yule ni rafiki wa kaka yako. Anakuja kutia saini tu."

Bisibisi akavuta stuli, akachukua simu iliyokufa, akaanza kumwonyesha upande salama wa kuifungulia. Jumapili iliyofuata walikuja wote wanne. Akawa anawafundisha kila wiki, nyuma ya kibanda, akijua fika kwamba faida inakwenda kwa kaka yake.

Mwaka ulipoisha, ofisi ya mazingira iliipa kampuni barua ya pongezi. Tangu betri ile, hakuna mfanyakazi mwingine aliyeumia. Kaka alipiga picha akiwa ameishika, akawatumia ndugu wote.

Mama alipiga simu asubuhi hiyo hiyo, sauti imejaa furaha. "Umemwona kaka yako?"

"Nimemwona, mama," Bisibisi alijibu, akakata simu kabla sauti haijamsaliti.