Shawa Nyeupe ya Mukami

Dukani Runyenjes, Mukami alichagua shawa nyeupe ya umeme, ile inayopasha maji yenyewe. Mumewe, Nyamu, alitaka ya kichwa kipana kinachong'aa, kwa sababu wageni wangeiona. Mukami aliishikilia nyeupe kwa mikono miwili mpaka mwenye duka akatafuta mfuko.

Fundi Njue alikuja nayo hadi kwao Karurumo. Alitoboa ukuta wa bafu, akaleta bomba kutoka kwa tangi lililo juu ya mnara wa mbao, akaunganisha nyaya, akawasha swichi. Maji ya kujaribia Mukami alikuwa ameyatoa mtoni asubuhi na kuyapandisha tangini kwa ngazi, mtungi baada ya mtungi, kamba ikimkaza kwenye paji la uso, jinsi alivyofanya tangu aolewe.

Nyamu alioga kwanza. Alitoka akiwa safi, akasema maji ni moto sawasawa.

Kisha Mukami akaingia. Maji yalipomgusa mabega, visigino vyake viliondoka sakafuni. Alipanda polepole mpaka kichwa kikagonga dari, akaanza kucheka. Mitungi yote aliyowahi kubeba ilikuwa inamtoka mgongoni, na alihisi kila mmoja ukienda. Alijifunga leso, akatokea dirishani, akatua juu ya mparachichi.

"Lydiah," alimwita jirani yake. "Kuja uoge."

Lydiah alikuja na sabuni yake. Kufikia saa kumi, wanawake wa kijiji walikuwa wakielea juu ya mabati, wakipinduka hewani, wakirushiana taulo, wakicheka hadi wakashikwa na kwikwi. Nyanya mmoja aliyekuwa amepinda mgongo alipita juu ya kanisa akiwa amenyooka, akipunga mkono. Njue alikagua mabomba, hayakuwa yakivuja.

Halafu tangi likaisha maji.

Nyamu alisimama uani, mikono mfukoni, akiwatazama na kuwaza.

"Mama Njura," alimwambia mkewe, "ukiwa hapo juu unafikia mdomo wa tangi?"

"Nafikia."

"Basi hiyo ngazi nitampatia Njue."

Alienda jikoni, akatoa mitungi, akamrushia. Mukami aliidaka huku akicheka, akageukia upande wa mto. Wenzake walipitia kwao kuchukua yao, wakamfuata juu ya migomba.

Waliporudi na maji walikuwa wameshuka kidogo. Miguu yao ilikokota kwenye majani ya kahawa, na kwikwi zilikuwa bado hazijaisha.