Karamu ya Hanoi

Saido alikuwa na mdomo, na hilo hakuna aliyembishia, hata yeye mwenyewe. Pale Hockley, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, yeye ndiye aliyepatanisha waliogombana, akawashauri walioachika, akampa bosi ukweli wake usoni. Mwanamke wa Wajir huyo, kapitia Denmark, katua hapo Birmingham, Uingereza, na watoto watatu mgongoni. Angemwogopa nani?

Mwenzake wa mashine ya pasi alikuwa mkimbizi kutoka Korea Kaskazini. Jina lake liliwashinda watu, basi Saido akamuuliza mwanawe anaitwa nani. Akaambiwa Chol, na tangu siku hiyo yule mwanamke akawa Mama Chol kwa kiwanda kizima. Mmoja aliingiza shuka huku, mwingine akalipokea kule likiwa moto, na maongezi yao yalikwenda kwa Kiingereza cha kuungaunga walichokielewa wao wawili tu.

Chol alibaki kwao na bibi yake, katika mji ulio kando ya mto wa mpaka na Uchina. Mwaka huo wa 2019, akishamaliza shule tu, jeshi lingemchukua kwa miaka kumi. Njia ya kumtoa ilikuwa moja: dalali wa ng'ambo amvushe mto juu ya barafu kabla haijayeyuka. Waliojaribu kuvuka, wengine walipigwa risasi. Dalali alikuwa tayari, alingoja neno la mama tu. Avuke, au asivuke?

"Nikisema avuke, akafa, nimemuua mimi," Mama Chol alimwambia Saido. "Nikisema asivuke..."

Ndipo ikafika siku ya wakubwa wawili, wa Marekani na wa kwao Mama Chol, kukutana Hanoi, kule Vietnam, kuzungumzia mabomu ya nyuklia na vikwazo. Bosi wao, Charanjit, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, alikuwa na televisheni ndogo kwenye chumba cha chai. Walipoingia kunywa chai wakawaona wakubwa wale mezani. Huko Hanoi ilikuwa jioni, chakula kiko mbele yao, na wanacheka.

Saido akajipiga paja. "Wallahi yamekwisha! Wanakula!"

"Kula ndiyo nini?" akauliza Charanjit.

"Bosi, kwetu koo mbili zikiuana, wazee hukaa wiki kwa wiki wakisuluhisha, na hakuna anayegusa chakula cha mwenzake. Siku wakinawa mikono wakala sahani moja, basi, damu imefunikwa. Atakayeinuka hapo akarudia ugomvi, hata mkewe atamwonea haya. Marehemu baba alikuwa msuluhishi, nimeyaona kwa macho yangu haya."

"Wewe Saido! Hawa si wazee wa Wajir. Huyu anasema toa mabomu kwanza, yule anasema ondoa vikwazo kwanza. Nani aanze? Na Waswahili walishasema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe."

"Hayo maneno ya wachoyo. Kunywa chai yako, bosi."

Charanjit akacheka, akaenda zake. Laiti angebisha zaidi! Lakini nani aliwahi kumshinda Saido kwa maneno?

Mama Chol hakuwa amegusa kikombe chake. Macho yalikuwa kwenye televisheni. "Wakipatana," alisema polepole, "vikwazo vitaondoka. Watu wataachwa wafanye biashara. Labda na mpaka utafunguliwa. Saido, una hakika?"

"Dada, mtoto asubiri. Utamtiaje kwenye risasi wiki hii ambayo amani inakuja? Angekuwa wangu, nisingemvusha."

Mama Chol akatoka nje kwenye baridi, penye magari ya mizigo, akampigia dalali simu. Asubiri. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, akiingiza mashuka mbio mbio hata Saido akapiga kelele kwamba mikono yake ni miwili tu. Walicheka siku ile. Walicheka sana.

Kesho yake Saido alitembea kutoka Ladywood kama kawaida, na kabla hajavua koti Charanjit akamwita. Mazungumzo yamevunjika. Chakula cha mchana kilikwisha kuandaliwa, viti vimepangwa, na wakubwa wakapanda magari yao wakaondoka bila kukionja.

"Lakini jana walikula!"

"Walikula," alisema Charanjit. Hakuwa na furaha ya kushinda ubishi.

Saido akaketi juu ya kapu la foronya. Watu gani hawa? Wanakula, wanafuta midomo, wanaachana hivi hivi? Aliwalaani wote wawili kwa Kisomali na kwa Kiswahili, lakini moyoni alijua anayemlaani ni nani. Mdomo huu! Maji yalikuwa yamekwisha mwagika, na aliyeyamwaga ni yeye.

Mama Chol alifika kwa basi kutoka Kingstanding, habari anazo tayari. Asubuhi nzima alipiga simu, haikupokelewa. Mchana dalali akajibu kwa maandishi: walinzi wa mto wameongezwa, barafu imeanza kupasuka, yeye ameondoka mpakani hadi baridi ya mwaka ujao. Mwaka ujao Chol angekuwa kwenye kambi ya jeshi.

Saido alitaka kuomba msamaha, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupata pa kuanzia.

"Ametuma na sauti ya Chol," alisema Mama Chol. "Aliirekodi jana, mtoto alipopewa neno langu." Akabonyeza simu. Ilikuwa sauti ya kijana, nyepesi, ya mtu mwenye raha. Mama yake akatafsiri kipande kwa kipande.

"Anasema, sawa Mama, nitasubiri. Alikuwa ameshavaa nguo mbili mbili, na aliogopa sana barafu. Anasema amefurahi. Anauliza, nani aliyekupa habari hii njema?"

"Dada, inatosha."

"Anasema mtu huyo nimshukuru."

Akamshika Saido mkono kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa kama wafanyavyo kwao, akamshukuru.